Pande nne za shamba hazitoshi: pima na kona kwa kona

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mtama, mkoani Lindi. Kuna kipande cha shamba nataka kukinunua. Kina kona nne lakini kimekaa upande. Tulikipima kwa tepu mimi, dalali na mwanangu wa darasa la sita. Upande wa barabarani ni mita 75, tukakata kona tukapata 35, upande wa nyuma 65, na ule unaorudi barabarani 55. Dalali akachukua pande zinazotazamana, akajumlisha na kugawa kwa mbili: 75 na 65 akapata 70, 35 na 55 akapata 45. Akazidisha, akasema eneo ni mita za mraba 3,150. Bei ni shilingi 1,000 kwa mita ya mraba, kwa hiyo natakiwa nitoe milioni tatu na laki moja na nusu. Mwanangu naye kashikilia kwamba eneo ni 230 kwa sababu ndiyo jumla ya pande zote. Najua kakosea, ila nilishindwa kumweleza akaelewa. Hesabu ya dalali ni sahihi? Na mtoto nimfundisheje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na pesa, maana dalali hana subira. Usilipe hiyo milioni tatu na laki moja na nusu. Shamba sijaliona, lakini kwa pande ulizonitajia, zikifuatana hivyo hivyo, hakuna namna eneo lifike mita za mraba 3,150. Linaweza kuwa elfu tatu na kidogo, linaweza kuwa 2,700, linaweza hata kushuka chini ya 2,400. Ni lipi kati ya hayo, vipimo vyako vinne haviwezi kusema. Kinatakiwa kipimo cha tano, na kukipata ni kazi ya dakika chache kwa tepu ileile mliyotumia.

Lakini nitapitia kwa mtoto kwanza, kwa sababu kosa lake na kosa la dalali ni ndugu. Wote wawili wanadhani ukishalizunguka shamba umeshalijua.

Mtoto amejumlisha 75, 35, 65 na 55 akapata 230. Kujumlisha hajakosea hata kidogo, amepata mzingo. Alichokosea ni kuuita eneo. Usimwambie amekosa, muulize: "230 nini?" Akijibu mita, basi mwambie hizo ni mita za kamba. Mzingo ni urefu, unaweza kuunyoosha ukawa mstari mmoja. Ukitaka kuzungushia seng'enge, kuhesabu nguzo, au kujua utatembea kiasi gani ukikagua mpaka, hapo unahitaji mzingo, na 230 yake ni jibu zuri kabisa. Nguzo zikikaa kila baada ya mita 2.5, upande wa 75 una nafasi 30, wa 35 una 14, wa 65 una 26 na wa 55 una 22. Jumla ni nguzo 92, na kwa mistari minne ya waya utanunua mita 920, mafundo na geti ukiyahesabu pembeni. (Mafundi wengine huongeza nguzo moja wakisema ni "ya kuanzia". Kwenye uzio ulionyooka wako sahihi. Kwenye uzio unaofunga, ya kuanzia ndiyo ya kumalizia, na hiyo ya ziada itabaki imelala uani kwako.)

Eneo ni swali jingine: ndani ya huo uzio zinaingia mita ngapi za mraba, yaani vipande vingapi vya mita moja kwa mita moja? Mtoto hataliona hili kwa kukariri kanuni. Chukua boksi tupu, ukate vipande vya sentimita 10 kwa 10. Kumi na vitano vinatosha. Mpange naye mistari mitatu ya vipande vitano vitano sakafuni. Ahesabu vipande: 15. Hilo ndilo eneo, vipande 15. Kisha apitishe kidole ukingoni, akihesabu kingo zinazotazama nje: 5, 3, 5, 3, jumla 16. Huo ndio mzingo.

Hapo kwenye kidole mwangalie kwa makini, maana ndipo watoto wengi wanapoteleza. Badala ya kuhesabu kingo, wanahesabu vipande vilivyo pembezoni, wanapata 12. Kipande cha kona kina kingo mbili zinazotazama nje, na mtoto anakigusa mara moja tu anapita. Ukimwona anagusa katikati ya kipande, ushike mkono wake uuweke ukingoni, aanze upya. Nimefundisha hesabu za darasa la tano na la sita huku Mtwara kwa muda mrefu, na sijaona kanuni iliyoondoa kosa hili. Linaondoka kidole kikizoea ukingo.

Akishatulia, vuruga. Vipange vipande vilevile 15 kwenye mstari mmoja mrefu. Eneo halijabadilika, bado 15. Kingo sasa ni 15, 1, 15, 1: 32. Mzingo umekuwa maradufu bila kuongeza kipande hata kimoja. Mtoto atashangaa, atahesabu tena. Mwache ahesabu tena.

Hili watengeneza chumvi wa pwani yetu, Lindi na Kilwa, wanalijua kwa mikono yao. Jaruba la chumvi linaingizwa maji ya bahari, jua na upepo vinayakausha, chumvi inabaki. Kinachokausha ni uwazi wa maji, yaani eneo. Kinachokula jasho ni tuta la udongo linaloyazuia, yaani mzingo. Jaruba la mita 20 kwa 20 lina mita za mraba 400, na tuta lake ni mita 80. La 40 kwa 10 lina mita za mraba zilezile 400, lakini tuta ni mita 100. La 80 kwa 5, bado 400, na tuta limefika mita 170. Maji yanayokauka hayajaongezeka, udongo wa kubeba umezidi mara mbili. Tena majaruba yakigusana yanachangia tuta: mawili ya 20 kwa 20 yaliyoshikana yanahitaji mita 140, wala si 160. Kama una ndugu anayefanya kazi hiyo, mpeleke mtoto akatembee juu ya matuta. Atakuwa anatembea juu ya mzingo huku anatazama eneo.

Sasa geuza shilingi upande wa pili: mzingo ubaki uleule, eneo libadilike. Kwa waya wako wa mita 230, mraba wenye upande wa mita 57.5 unakupa mita za mraba 3,306. Mstatili wa 100 kwa 15 una mzingo uleule wa 230, na eneo lake ni 1,500 tu. Wa 110 kwa 5 una 550. Duara lingezidi yote, kama 4,210, ila sijawahi kusikia mtu anauza shamba la duara. Kwa hiyo jirani akijisifu kwamba uzio wake ni mrefu kama wako, bado hajakwambia kitu kuhusu ukubwa wa shamba lake.

Na vipimo viandikwe na mkia wake, mita au mita za mraba. Wanafunzi wanajua mita moja ni sentimita 100, basi wanaamini mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 100. Ni 10,000, kwa sababu mia inaingia kwa urefu na mia nyingine kwa upana. Vipande vyako vya boksi vinathibitisha: kuijaza mita moja ya mraba kunahitaji vipande 100, na kila kimoja ni sentimita za mraba 100.

Turudi kwa dalali.

Tafuta vijiti vinne, hata vya mabua ya mtama, ukavikate sentimita 15, 7, 13 na 11. Ni pande za shamba lako, kila mita tano nimezifanya sentimita moja. Vifunge kwa uzi kwenye kona kwa mpangilio uleule, kisha lisukume umbo kwa kidole. Utaona linalala. Urefu wa vijiti haubadiliki, mzingo haubadiliki, lakini nafasi ya ndani inafumbuka na kufumba. Vijiti vitatu havifanyi hivyo. Pembetatu ikishafungwa imekaza. Ndiyo maana fundi seremala akitaka geti lisiyumbe anapigilia ubao wa kukatiza kona kwa kona, ili pembenne igeuke pembetatu mbili.

Huo ubao wa kukatiza ndio kipimo chako cha tano. Shuleni tunauita mshazari. Kwako ni umbali kutoka kona ambapo upande wa 75 unakutana na wa 55, mpaka kona ya mbali ambapo wa 35 unakutana na wa 65. Mshazari huo ukiwa mita 80, shamba lina mita za mraba 3,082 hivi. Ukiwa mita 100, ni 2,700 kamili. Ukiwa 105, eneo linaporomoka hadi kama 2,314. Pande nne zilezile, dalali yuleyule, na kwa bei ya 1,000 tofauti kati ya la kwanza na la mwisho inazidi laki saba.

Hesabu za namna hii zinasimama juu ya mambo mawili tu. La kwanza umeshaliona kwenye vipande vya boksi: mstatili ni urefu mara upana, kwa sababu unahesabu mistari na vilivyomo katika kila mstari. Mraba ni mstatili wenye pande sawa, hauna kanuni ya peke yake. La pili ni pembetatu: nusu ya kitako mara kimo. Kwa nini nusu? Chukua karatasi ya daftari, uipigie mstari kona kwa kona, ukate kufuata mstari huo. Vipande viwili vinalaliana sawasawa. Na pembetatu isiyo na kona ya mraba inakatwa kutoka kwenye ncha kushuka wima hadi kitakoni, ikawa mbili zenye kona ya mraba, kila moja ni nusu ya mstatili wake.

Neno la kushika hapo ni kimo. Kimo kinashuka wima kutoka kwenye ncha mpaka kwenye kitako. Upande ulioinama sio kimo, hata kama ndio uliochorwa vizuri kitabuni. Mtihani wa darasa la saba unapenda kumpa mtoto namba tatu, kitako, kimo na upande ulioinama, aone atachukua ipi. Msambamba nao ni hivyo hivyo: kitako mara kimo, upande ulioinama uuache. Trapeza ni jumla ya pande mbili sambamba, mara kimo, gawa kwa mbili. Anayejua pembetatu ataipata hata akiisahau, ataikata tu kona kwa kona.

Kwa kimo hicho hicho tunamkamata dalali. Chukua pembetatu yenye pande za 75 na 35 zinazokutana kwenye kona. Ukiifanya 75 kitako, kimo hakiwezi kuzidi 35. Kinafika 35 pale tu kona ikiwa skwea, na ikifumba au ikifumbuka kinapungua. Basi eneo lake kubwa kabisa ni nusu ya 75 mara 35, yaani 1,312.5. Upande wa pili wa mshazari kuna pembetatu yenye 65 na 55. Kubwa yake kabisa ni 1,787.5. Jumlisha: 3,100. Hicho ndicho kikomo cha juu, hata kona zingekaaje. Dalali amesema 3,150. Ametaja eneo ambalo shamba la pande hizo haliwezi kulibeba.

Simtuhumu kwamba amekusudia kukuibia. Njia hiyo ya kuchukua wastani wa pande zinazotazamana ni kongwe kuliko yeye. Imo kwenye maandishi ya hekalu la Horus pale Edfu, Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, yanayoorodhesha mashamba ya hekalu. Hata shamba la pembetatu walilihesabu hivyo, upande wa nne wakauita sifuri. Inatoa jibu sahihi shamba likiwa mstatili kamili, na jibu la karibu likiwa limepinda kidogo. Shida yake ni moja: ikikosea, inakosea kwa kuzidisha siku zote, haipunguzi hata mara moja. Anayeuza kwa mita ya mraba hana sababu ya kuilalamikia.

Kazi yako sasa. Nenda na mtu wa kushika upande wa pili wa tepu. Kwenye kila kona ya mpaka pigeni kigingi. Vuteni kamba ya manila kutoka kigingi cha kona ya kwanza hadi cha kona ya mbali, ikaze, ndipo mpime kufuata hiyo kamba. Tepu nyingi ni za mita 30 au 50, kwa hiyo mtapima kwa vipande viwili au zaidi, na bila kamba mtajikuta mnapinda katikati ya vichaka na namba inakua. Muhogo ukiwa njiani, pitisheni kamba kati ya mashina, msiizungushe.

Tuseme mmepata 100. Sasa una pembetatu mbili ambazo pande zake zote unazijua: ya kwanza 75, 35 na 100, ya pili 65, 55 na 100. Heron wa Alexandria, aliyeishi karne ya kwanza, alituachia njia ya kupata eneo kwa pande tatu bila kujua kimo. Jumlisha pande tatu, chukua nusu. Kwenye nusu hiyo toa kila upande, upate namba tatu. Zidisha nusu na namba hizo tatu, zote nne pamoja, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Ya kwanza: 75, 35 na 100 ni 210, nusu yake 105. Ukitoa 75 inabaki 30, ukitoa 35 inabaki 70, ukitoa 100 inabaki 5. Zidisha 105 kwa 30 kwa 70 kwa 5: 1,102,500. Kipeuo chake cha pili ni 1,050. Ya pili mpe mtoto aifanye. Akifuata hatua hizo hizo nusu itatoka 110 na eneo 1,650. Jumla 2,700. Simu inaweza hesabu hii. Usipoiona alama ya kipeuo kwenye kikokotoo, ilaze simu. Simu nyingi zinafungua vitufe zaidi zikilazwa.

Kama kipeuo kinakutia kizunguzungu, iko njia ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu mtoto anaiona kwa macho. Kamba ya mshazari iacheni ikiwa imekazwa. Wewe simama kwenye moja ya kona mbili zilizobaki ukishika mwanzo wa tepu kwenye kigingi. Mtoto aende kwenye kamba na tepu iliyovutwa, ahame polepole kuelekea kushoto, kisha kulia, huku anasoma namba pale tepu inapoikata kamba. Namba itapungua, itapungua, halafu itaanza kupanda. Ile ndogo kuliko zote ndiyo kimo. Kwenye mfano wetu upande mmoja mtapata mita 21 na mwingine mita 33. Jumlisha vimo, 54. Mara mshazari, 5,400. Gawa kwa mbili, 2,700. Njia mbili tofauti, jibu moja, na kipeuo hakikuhitajika.

Kisha pimeni mshazari wa pili pia, ule unaounganisha hizo kona mbili zilizobaki. Kazi yake ni ushahidi. Kwenye mfano wangu ungekuwa mita 60.8. Hesabuni upya kwa pembetatu za upande huo. Zikija na eneo lililo mbali na la kwanza, kuna namba moja imesomwa vibaya, na ni afadhali mjue mkiwa bado shambani.

Kona ikiwa imeingia ndani badala ya kutokeza nje, tumieni mshazari unaopita ndani ya shamba, usio wa nje. Mpaka ukiwa umejipinda kufuata mkondo wa mvua, pigeni vigingi vingi kwenye mpindo na mkate pembetatu zaidi. Na mteremko: eneo la ardhi linahesabiwa kwa ulalo, kama shamba linavyoonekana kutoka juu, kwa hiyo tepu ishikwe sawa na maji yaliyotulia, aliye bondeni aiinue. Mtama kwako si tatizo kubwa, lakini ndugu zetu wenye mashamba kwenye ngazi za Newala, mteremko wa nyuzi 20 unageuza mita 100 za kufuata udongo kuwa 94 tu za ulalo.

Msikubali kupima kwa hatua. Huku kwetu ekari ni "hatua 70 kwa 70", na hatua ikiwa kama sentimita 91 maneno hayo ni ya kweli, kwa sababu ekari ni mita za mraba 4,047, mraba wenye upande wa mita 63.6. Lakini hatua ya mtu mfupi, ya sentimita 75, inatoa mita za mraba 2,756, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 70 ya ekari. Anayenunua atafute mtu mrefu wa kutembea. Wapo pia wanaozigeuza hatua kuwa mita na kudai ekari ni mita 70 kwa 70. Hiyo ni 4,900, imezidi. Kama tepu haipatikani, gurudumu la baiskeli lina heshima zaidi kuliko miguu: funga kitambaa kwenye spoki, weka alama chini, lizungushe mara moja, pima limekwenda wapi. La namba 26 huenda kama mita 2.07, ila pima la kwako mwenyewe. Huo ni mzingo wa duara, pai mara kipenyo, ukifanya kazi ya kupima mzingo wa shamba. Kwenye udongo uliolimwa linateleza, likanyage kwenye njia ngumu.

Kama kweli ni 2,700, basi unanunua theluthi mbili ya ekari, na bei yake kwa makubaliano yenu ni milioni mbili na laki saba. Laki nne na nusu inabaki mkononi. Ukiwa na mpango wa korosho, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kila mkorosho unadai mita za mraba 144, na 2,700 ukigawa kwa 144 unapata 18 na kitu. Usichukue 18 hiyo kama ahadi. Kona kali kama za kwako zinapoteza nafasi, na mti wa mpakani matawi yake yatakwenda kwa jirani. Anza na kumi na tano, kumi na sita, uone zinavyokaa.

Siku ya kupima muwe na mwenye shamba mwenyewe, majirani wa kila mpaka, na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa. Vipimo vyetu hivi ni vya kukubaliana bei. Siku ukitaka hati, mpima ardhi aliyesajiliwa lazima aje na vyombo vyake. Kwenye karatasi ya mauziano msiandike eneo peke yake. Chora umbo, andika pande zote nne, mishazari yote miwili, jina la jirani kwenye kila upande na kitu kinachoonekana kwenye kila kona, mwembe, jiwe au kigingi cha zege, kisha wote waliokuwepo watie sahihi kwenye mchoro huo huo.